Kufundisha Mwendo wa Kumbukumbu ya Kompyuta kwa Ngoma Mbili

Wanafunzi wa shule za msingi huamini kwamba namba kubwa daima ndiyo bora, na baadhi yetu walimu hutoka chuoni tukiwa na imani hiyo hiyo. Hapa Kasoli, wilayani Bariadi, tumeiona ikitufuata hadi dukani. Mwalimu aliyetumwa kununua kumbukumbu ya kompyuta ya shule huonyeshwa vipande vidogo ambavyo mafundi huviita RAM. Kimoja kimeandikwa 2400, kingine 3200, na kando yake zipo herufi CL na namba nyingine ambayo muuzaji aghalabu haielezi.

Kompyuta hufanya kazi kwa mapigo. Namba kubwa hutuambia data hupita mara milioni ngapi kwa sekunde. Na kwa kuwa kumbukumbu za aina ya DDR hupitisha data mara mbili katika kila pigo, ile ya 3200 ina mapigo milioni 1,600 kwa sekunde. CL ni idadi ya mapigo yanayopita tangu kumbukumbu ilipoombwa kitu hadi kitu hicho kianze kutoka. Basi CL si muda. Ni hesabu ya mapigo tu, na urefu wa kila pigo hutegemea ile namba ya kwanza.

Jambo hili halihitaji umeme kulifundisha. Sisi hutumia ngoma mbili na vijiwe. Ngoma ya kwanza hupigwa mara moja kila sekunde mbili, ya pili kila sekunde moja. Darasa la Sita hugawanywa makundi mawili, nasi tuliyaita Bagika na Bagalu kama vyama vya ngoma vya Wasukuma, jambo lililotupunguzia kazi ya kuamsha ari. Bagika husubiri mapigo 11 ya ngoma ya polepole, Bagalu mapigo 22 ya ngoma ya haraka. Kisha kila kundi hutoa kijiwe kimoja kwa kila pigo. Kabla ya kuanza, watoto waulizwe ni kundi lipi litatangulia. Wengi huchagua lenye 11. Vijiwe vya kwanza hutoka pamoja, katika sekunde ya 22. Baada ya hapo Bagalu hutoa vijiwe viwili kila Bagika watoapo kimoja.

Mtoto mmoja aliuliza: je, kama kila kundi lina kijiwe kimoja tu? Swali hilo lina thamani kuliko somo tuliloliandaa. Wazazi wake hulima pamba, naye ameona kwamba kusubiri mizani ya ushirika itayarishwe ni jambo moja, na magunia kupimwa mfululizo ni jambo jingine. Mwenye gunia moja hafaidiki sana na wapimaji wepesi.

Ndipo hesabu iandikwe ubaoni: zidisha CL kwa 2,000, kisha gawanya kwa namba kubwa. Jibu ni nanosekunde, na sekunde moja ina nanosekunde milioni elfu moja. DDR3 ya 1600 yenye CL 11 husubiri 13.75. DDR4 ya 3200 yenye CL 22 husubiri 13.75 vilevile, ingawa hupitisha data maradufu. Ya 3200 yenye CL 16 husubiri 10, na ya 3600 yenye CL 18 pia 10. Hapo ya 3600 hushinda kwa wingi wa mzigo, si kwa wepesi wa kuanza.

Wako wapenda kompyuta wanaoongeza mapigo kupita kipimo cha kawaida, au kupunguza CL, mara nyingi wakipandisha umeme wa DDR4 kutoka volti 1.2 hadi 1.35. Kwa mashine ya michezo hatuna ugomvi nao. Mashine inayotunza alama za wanafunzi ni habari nyingine. Kumbukumbu iliyosukumwa mno huweza kugeuza tarakimu moja ya ndani, 0 ikawa 1 au 1 ikawa 0, na kompyuta nyingi za ofisi hazina njia ya kuligundua kosa hilo. Katika hesabu ya msingi wa mbili, 68 ikipoteza tarakimu ya 64 huwa 4, na mwalimu ataona. Lakini 41 ikipoteza tarakimu ya 8 huwa 33, na hakuna atakayeshtuka isipokuwa mtoto mwenyewe, ambaye huenda asiaminiwe.

Kwa hiyo kwa kompyuta ya shule sisi huangalia kwanza aina, kwa maana DDR3 haiingii katika nafasi ya DDR4; kisha ukubwa, kwani kutoka gigabaiti 4 kwenda 8 huonekana wazi kazini kuliko tofauti yoyote ya CL. Vipande viwili vinavyofanana, vikiwekwa katika nafasi zinazooana, hupanua njia ya data. Vikichanganywa vya mwendo tofauti, kwa kawaida vyote hufuata cha polepole. Tukimaliza, huendesha programu ya Memtest86 usiku kucha ikiwa umeme upo. Kosa likionekana hata moja, kipande hurudishwa dukani, na alama huendelea kuandikwa daftarini.