Gari Dogo la Hiroshima na Kilomita Zake Chache

UKILITAJA jina la Hiroshima mbele ya mwanafunzi yeyote wa historia, atakujibu kwa neno moja: bomu. Wala hatakuwa amekosea. Lakini mji huo wa magharibi mwa Japani una jambo jingine ambalo vitabu vya shule havilitaji. Ndiko lilikozaliwa gari dogo la spoti la viti viwili ambalo kitabu cha rekodi cha Guinness kililitambua kuwa limeuzwa kwa wingi kuliko yote ya aina yake duniani. Kwao liliitwa Eunos Roadster. Ulaya walilijua kama Mazda MX-5, nao Wamarekani wakaliita Miata.

Sasa basi, mpenzi msomaji, tuseme umekutana na tangazo: Linauzwa, Roadster la mwaka 1990, rangi nyekundu, mwenyewe mmoja tangu jipya, kilomita 31,000 tu, limetunzwa kama yai. Picha zinameta na moyo unakwenda mbio. Kabla hujatia mkono mfukoni, njoo kwanza tutembee hadi huko lilikotoka. Gari hili ni gumu kulielewa bila mji wake.

Ukitoka Tokyo kwa treni ya kasi, ile waiitayo shinkansen, utasafiri kwa muda wa saa nne hivi ndipo ushuke Hiroshima. Hapo utapokewa na tramu zikipita taratibu. Usizidharau. Bomu lilianguka saa mbili na robo asubuhi, tarehe 6 Agosti, 1945, na siku tatu tu baadaye tramu za mji huo zilikuwa zimeanza tena kubeba abiria kwenye kipande kifupi cha njia, katikati ya majivu.

Wageni wengi hupanda tramu kwenda kulitazama lile jengo la kuba lililobaki mifupa, na bustani ya amani iliyo kando yake. Wakitoka hapo huvuka kwa feri hadi kisiwa cha Miyajima kuona lango jekundu lililosimama baharini. Nenda nawe, usikose. Lakini ukisharudi stesheni, panda treni ya kawaida ya kuelekea mashariki, ushuke Mukainada. Ni mwendo wa dakika chache tu. Hapo umefika mlangoni mwa Fuchu, mji mdogo uliozungukwa na Hiroshima pande zote kama kokwa ndani ya embe. Huku ndiko makao makuu ya Mazda.

Kati ya Fuchu na katikati ya jiji kuna kilima kiitwacho Hijiyama. Kwa mtu aliyezoea kuiona Ngong, kilima hicho ni kichuguu tu. Hata hivyo kilisimama mahali pake siku ile. Kiwanda kilikuwa umbali wa kilomita tano na ushei kutoka bomu lilipolipukia, na kilima kikakikinga na sehemu kubwa ya dhoruba. Majengo yakasalimika. Wafanyakazi waliokuwa mjini asubuhi hiyo hawakusalimika. Mkuu wa kampuni, Jujiro Matsuda, alikuwa siku hiyohiyo akitimiza miaka 70. Ofisi za serikali ya mkoa zilikuwa zimeteketea, basi zikahamia ndani ya kiwanda na kukaa humo hadi Julai 1946. Kabla ya mwaka 1945 kwisha, mnamo Desemba, mafundi walikuwa wameanza tena kuunda magari.

Magari gani? Ya mizigo, yenye magurudumu matatu. Kampuni hii ilianza mwaka 1920 ikitengeneza bidhaa za gome la mti, lile litumiwalo kuzibia chupa, kisha mwaka 1931 ikatoa pikipiki ya magurudumu matatu yenye karai la kubebea mzigo nyuma. Ukiiona leo utadhani ni babu wa tuktuk zetu za Mombasa. Mji uliochomwa ulijengwa upya kwa vyombo kama hivyo, vya kubeba mbao, saruji na mchele.

Jumba la makumbusho la kampuni hukaribisha wageni, ila ni lazima uandikishe nafasi mapema. Huingii kama unavyoingia sokoni. Basi litakuchukua kutoka makao makuu na kukuvusha daraja la meta 560 ambalo kampuni ililijenga yenyewe mwaka 1965. Ndani utaona Cosmo Sport ya mwaka 1967, na gari lililoshinda mbio za saa 24 za Le Mans kule Ufaransa mwaka 1991. Watoto watapenda hayo. Wewe tazama mstari wa kuundia magari. Roadster huundwa katika kiwanda cha Ujina, na hupita kwenye mstari mmoja na magari ya kawaida ya familia, likifuatana nayo kama mtoto mtundu katika foleni ya watu wazima. Mbele kidogo ni gati ya kampuni, na meli huyapakia magari papo hapo.

Wazo la gari hili lilitoka mbali kidogo. Mwaka 1979, mwandishi wa magari wa Kimarekani, Bob Hall, alimwambia mkuu mmoja wa Mazda, Kenichi Yamamoto, kwamba dunia imekosa gari jepesi la wazi la watu wawili, kama yale ya Waingereza ambayo wazee wetu waliyaona yakipita Nairobi zama za MG. Miaka kumi ikapita. Mwezi Februari 1989 gari likaonyeshwa Chicago, na huko kwao bei yake ikaanzia yen milioni 1.7. Kufikia Aprili 2016 yalikuwa yameundwa magari milioni moja.

Usitarajie dude la kutisha. La kwanza lilikuwa na urefu usiofika meta 4, uzito wa kilo 940 hivi, injini ya lita 1.6 na gia tano za mkono. Taa zake huinuka kutoka ndani ya boneti kama macho ya chura. Subaru Impreza za turbo wazipendazo vijana wetu zitaliacha nyuma mlimani bila kutoka jasho. Walioliunda walifuata msemo wao, jinba ittai, yaani farasi na mpandaji kuwa kiwiliwili kimoja. Na hapo ndipo mimi hustaajabu. Mji ambao ungesamehewa kwa kuunda vya lazima tu ulikaa ukaunda kitu kisichobeba hata gunia moja la viazi, kazi yake kumfurahisha mtu anapokata kona.

Tuyarudie sasa yale matangazo. Kilomita 31,000 kwa miaka 35 ni chini ya safari moja ya Nairobi hadi Mombasa na kurudi kwa kila mwaka. Yawezekana? Japani yawezekana sana. Mtu huenda kazini kwa treni, na gari lake hungoja Jumapili. Hawezi hata kulisajili mjini bila kuonyesha hati kwamba ana mahali pa kuliegesha. Gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, ukaguzi wa gharama uitwao shaken. Na gari la petroli likipita miaka 13, ushuru wake hupanda. Hiyo ndiyo moja ya sababu za meli kutujia Mombasa zimejaa magari ambayo mwenyewe aliyaona mazee na sisi tukayaona mapya.

Kwa hiyo usimwite muuzaji mwongo kwa sababu ya uchache wa kilomita peke yake. Mwombe karatasi. Cheti cha shaken cha miaka ya karibuni huandikwa kilomita zilizosomwa siku ya ukaguzi. Karatasi ya mnada nayo ina mchoro wa bodi wenye alama: A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali palipowahi kunyooshwa, S ni kutu. Daraja ikiandikwa R, gari hilo liliwahi kugonga likatengenezwa. Kisha tazama kwa macho yako mpira wa kanyagio la klachi, kirungu cha gia na ukingo wa kiti cha dereva. Saa ya kilomita huweza kurudishwa nyuma. Mpira uliolika haurudi.

Lakini hata kama kilomita ni za kweli, swali kubwa bado halijajibiwa: lilikuwa likifanya nini miaka yote hiyo? Gari lililosimama huzeeka kwa njia zake. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kwenye kilomita 100,000 hivi, na muuzaji atakuambia kwa furaha kwamba hazijafika. Mwulize mkanda wenyewe una umri gani. Mipira ya maji hukauka, mafuta ya breki hunywa unyevu, breki hushikana, na kile kisilinda kidogo cha klachi kilicho kando ya giaboksi huanza kuvuja. Gurudumu laweza kuwa na meno yote na bado likawa limekufa. Soma tarakimu nne ubavuni mwake, 2418 maana yake wiki ya 24 ya mwaka 2018. Injini za mwanzo kabisa, za hadi 1991, zilikuwa na udhaifu kwenye ncha ya mbele ya kranki, hivyo mwambie fundi aangalie kama puli ya chini inayumba.

Kutu ndiyo adui mkubwa. Nyuma ya viti kuna matundu ya kutolea maji ya paa. Majani yakiyaziba, maji huingia kwenye vizingiti vya chini ya milango na kuvila kwa ndani, mbele kidogo tu ya magurudumu ya nyuma. Nje rangi inang'aa, ndani ni vumbi jekundu. Papase hapo kwa vidole na uinue zulia. Mimi kwa upande wangu ningechagua lenye kilomita 90,000 na faili nene la risiti za gereji kuliko lenye 31,000 lililofunikwa shuka. Mazda wenyewe walitangaza mwaka 2017 mpango wa kuyakarabati magari haya ya kwanza huko Japani, na kuunda tena baadhi ya spea zake. Dalili kwamba wenye nayo wanayaendesha.

Je, waweza kulileta hapa? Usukani uko upande wetu wa kulia, lakini sheria ya Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka minane, kwa hivyo la 1990 halitashuka Kilindini. Kizazi cha nne, kilichotoka mwaka 2015, kina modeli zinazotimiza masharti. Zungumzeni kwanza nyumbani, maana viti ni viwili, buti humeza begi moja au mawili, na tumbo la gari liko karibu mno na matuta yetu.

Ikiwa uko huko ugenini na utakwenda kulitazama, mwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Boneti iwe baridi ukiigusa. Kisha mwambie akukunjie paa, na umtazame mikono. Aliyelijua gari lake ataanza kwa kufungua zipu ya dirisha la nyuma, lile la plastiki, alilaze taratibu lisipasuke, ndipo afyatue vibanio vya juu ya kioo. Akilivuta paa lote kwa mpigo mmoja huku akikutajia bei, mshukuru, ukatafute tramu.