Nyari ya Marafa na Mkono wa Kulia

Safari ya Nyari, korongo la mchanga mwekundu na mweupe kule Marafa, nusura itutoe roho. Wenyeji husimulia kuwa hapo walididimia matajiri waliooga maziwa. Sisi tulitaka tu kuliona jua likitua.

Tulikuwa tumeshapita Mambrui. Kwenye kona, gari la watalii Waitaliano likatujia upande wetu. Dereva wetu alikwepa hadi vichakani. Dereva wao alishuka akitetemeka, akaomba radhi: walikuwa wamesimama kupiga picha, na alipoondoka alishika kulia, kama kwao.

Msomaji, ukienda Ulaya kosa hilo linakungoja. Sisi hupita kushoto; huko, isipokuwa Uingereza, Ireland, Malta na Cyprus, magari hupita kulia. Nchini Italia mwendo wa mjini kwa kawaida hauzidi kilomita 50 kwa saa, na nje ya mji taa huwashwa hata mchana. Jihadhari hasa unapoondoka baada ya kusimama, barabara ikiwa tupu: hakuna gari la kukukumbusha.

Nawe mwanafunzi utembeaye kwa miguu, kabla ya kuvuka huko, tazama kushoto kwanza.