Nilisema Ni Kompresheni

Nozeli zote nne zilikuwa mezani, zimefungwa kwenye kitambaa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloninyima pa kujificha. Injini ya dizeli ambayo nozeli zake ziko nje haina kompresheni. Hewa inatokea kwenye matundu yake, na kranki unaizungusha kwa spana kama mtu anayekoroga uji. Mimi niliizungusha, ikakaza. Nikairudisha nyuma, nikaizungusha tena, ikakaza palepale. Kijana niliyekuwa namfundisha kazi akauliza, "Fundi, nini hicho?" Nikamjibu, "Kompresheni." Akaangalia meza, akaniangalia mimi, akanyamaza.

Ilikuwa mwaka 2011, Tanga. Gari lilikuwa Hiace ya mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyeinunua kwa kiinua mgongo chake na kuiingiza barabarani kubeba abiria wa Korogwe. Injini yake ilikuwa 3L. Konrodi ilikatika ikatoboa bloku, na bloku iliyotobolewa haina dawa. Lakini silinda hedi ilikuwa nzima, tena miezi michache tu nyuma tulikuwa tumeibadilishia vali na kuipeleka mashine ikasawazishwa uso. Kuitupa ilikuwa dhambi. Nikapanda basi kwenda Dar, nikazunguka Gerezani kutwa nzima nikitafuta bloku ya 3L, na kila niliyoiona ilikuwa imechoka au bei yake haishikiki. Jioni nikaoneshwa bloku ya 5L, kranki na pistoni ndani, haina hedi. Kuta za silinda bado zilikuwa na mikwaruzo ya kiwandani. Nikalipa.

Mafundi wa Hilux na Hiace tunazijua injini hizi kama majina ya watoto wa jirani. Kulikuwa na 2L ya cc 2446, ikaja 3L ya cc 2779, kisha 5L ya cc 2986. 3L na 5L zina mwendo mmoja wa pistoni, milimita 96. Aliyemzidi mwenzake kazidi kwa upana tu: tundu la silinda la 3L ni milimita 96, la 5L ni 99.5. Nikaipachika hedi ya 3L juu ya bloku ya 5L, pini zikakaa, boliti zikaingia. "Zinaingiliana," nikamwambia kijana, kwa sauti ya mtu aliyevumbua kitu.

Dukani niliomba gasketi ya 3L. Kwa nini 3L? Kwa sababu hedi ilikuwa ya 3L, na kichwani mwangu gasketi ni mali ya hedi. Hata jina lake linasema hivyo. Muuzaji, ambaye hajawahi kushika spana, akaniuliza swali la kifundi kuliko nililojiuliza mimi: "B, D au F?" Nikamwambia anipe yoyote.

Herufi zile si pambo. Katika injini hizi pistoni haiishii usawa wa bloku. Ikifika juu kabisa inachungulia nje kidogo, kati ya milimita 0.68 na 0.97. Kwa hiyo gasketi zimetengenezwa kwa unene wa aina tatu, na fundi anatakiwa aweke geji ya saa juu ya pistoni, asome imechungulia kiasi gani, ndipo achague herufi. Geji nilikuwa nayo. Ilikuwa kwenye boksi lake, na juu ya boksi tulikuwa tumeweka redio.

Sasa piga hesabu ambayo sikuipiga. Gasketi ya 3L ina matundu ya kutosha silinda ya milimita 96 na nafasi kidogo. Iweke juu ya silinda ya 99.5, na ule mzunguko wa bati unaozuia moto unaning'inia ndani ya silinda kama milimita moja kuzunguka tundu lote. Pistoni inapanda, inachungulia, inakuta bati. Hicho ndicho kilichokuwa kinakaza mkononi mwangu. Nilikuwa nalikunja bati kwa spana, taratibu, silinda moja baada ya nyingine, mpaka ikaacha kukaza. Nikafurahi kwamba injini imelainika.

Ikawaka kwa funguo ya kwanza. Mzee alinipa mikono yake yote miwili akasema, "Mungu akubariki, mwanangu."

Ilitembea siku kumi na moja. Katika siku hizo dereva alikuja gereji mara mbili. "Fundi, asubuhi kuna kitu kinagonga." Nilimjibu kwamba dizeli zote zinagonga asubuhi, na mara ya pili sikutoka hata chini ya gari nililokuwa nalitengeneza.

Siku ya kumi na moja, kabla ya kufika Segera, mshale wa joto ulipanda. Dereva alizima papo hapo, akashusha abiria, akanipigia simu. Tukalivuta gari hadi Tanga na usiku uleule nikaivua hedi. Kila pistoni ilikuwa na alama ya kung'aa pembezoni, nyembamba kama mwezi mwandamo. Kwenye silinda ya tatu bati lilikuwa limekatika, moto umepenya hadi kwenye njia ya maji, na kipande chake kimejikita juu ya pistoni kama mwiba wa samaki. Nilikitoa kwa koleo nikakitia mfukoni. Kijana aliniona.

Kukosea gasketi ni kosa la mtu mvivu, na mafundi wavivu tuko wengi. Ninaloliungama hasa ni la asubuhi yake. Mzee alikuja amevaa kanzu, akauliza, "Kumetokea nini, mwanangu?" Dereva alikuwa amesimama mlangoni. Nikasema, "Dereva ameichemsha, mzee. Hakusimama mapema." Dereva akasema, "Nilisimama, mzee." Mzee akatuangalia wote wawili, akaamua kumwamini fundi. Dereva alikabidhi funguo palepale kwenye gereji yangu, kazi yake ikaishia hapo. Kisha nikamtoza mzee gharama za matengenezo.

Safari hii niliitoa redio juu ya boksi. Geji ikanipa herufi D, nikanunua gasketi ya 5L yenye D, nikabadilisha pistoni ya tatu, na injini ile ya mseto ikafanya kazi miaka mitano bila kufunguliwa. Ndiyo iliyonijengea jina. Watu walitoka hadi Handeni kuja kwa fundi anayejua kuchanganya. Nachanganya mpaka leo, na sioni ubaya wake: injini za ukoo mmoja zinakubaliana ukizipima, na mwenye gari hana fedha za kununua kila kitu cha kizazi kimoja.

Mwaka 2016 nilimwendea mzee nyumbani kwake nikamweleza yote, nikamrudishia fedha za yale matengenezo ya pili. Alizihesabu, akazifunga kwenye leso, akaniuliza, "Na dereva je?" Sikuwa na jibu. Namba yake ilikuwa imeshazimwa, na stendi waliniambia alihama mji.

Wewe uliyekuwa unaendesha Hiace ile: ulisimama kwa wakati. Gari uliliokoa wewe, maana ungeenda kilomita mbili zaidi hata hedi isingefaa. Nipo gereji ileile. Kipande cha bati kiko kwenye droo, na fedha ya siku ulizokaa bila kazi kwa ajili yangu nimeitenga. Njoo uichukue.