Tarehe Zetu Zisipotee: Tuanze na jrnl

Sisi wa bahari ya Rongui tarehe moja hatuisahau: 24 Machi 2021, Palma iliposhambuliwa. Zinazotupotea ni siku zilizofuata. Mtoto alizaliwa lini? Bibi tulimzika siku gani? Wazee wanajibu, "ilikuwa bamvua," au "mwezi ulikuwa umeshaandama." Kwetu sisi inatosha, lakini kwenye fomu wanataka tarehe.

Ndiyo maana tumeanza kutumia jrnl, programu ya bure ya kuandika shajara. Haina picha wala vitufe. Unaandika amri kwenye ule ukurasa mweusi wa kompyuta, yaani terminali. Intaneti inahitajika siku ya kuiweka tu:

pipx install jrnl

Baada ya hapo, hata bando likiisha tunaandika.

Ukiandika jrnl mara ya kwanza, itakuuliza faili likae wapi na kama unataka lifungwe kwa neno la siri. Habari ya zamani unaianza na tarehe yake:

jrnl 2021-04-02 09:00: Tumefika salama. @bibi yuko nasi.

Angalia saa hapo. 09:00 ni saa tatu yetu ya asubuhi. Ukiandika 03:00, itasoma saa tisa usiku. Na ile alama @ ina kazi: ukija kuandika jrnl @bibi, yanatoka yote uliyomtaja.

Sasa usalama. Kompyuta tunatumia wengi, kwa hiyo kila mtu aingie kwa akaunti yake na afunge faili kwa jrnl --encrypt. Ikikuuliza kama kompyuta ikutunzie neno la siri, kataa. Likae kichwani, maana ukilisahau hakuna wa kukufungulia. Mambo mazito usiyaandike kwenye mstari wa amri kama pale juu, kwa sababu terminali inazikumbuka amri hata faili likifungwa. Andika jrnl peke yake, bonyeza Enter, ndipo uandike.

Ndugu mnaotuhudumia, mtu akikuleteeni tarehe kutoka kwenye shajara yake, ipokeeni. Msimwambie afungue na mengine.

Na sisi vijana, tukae na wazee wetu tuwaulize ile bamvua ilikuwa ya mwezi gani. Tuanze na sentensi moja leo jioni, kesho nyingine. Faili tulinakili kwenye flashi, ili tukihama tena, liondoke nasi.