Chombo Kina Mwenyewe, Gati Halina

Minnesota ni nchi ya maziwa. Wenyewe wameyahesabu yale yenye ukubwa wa ekari kumi na kuendelea, wakapata 11,842, na nyumba nyingi zilizobahatika kupakana na maji zina gati lake dogo la mbao. Si gati la kushushia shehena. Ni la kufungia kiboti, kuwekea viti jioni, na watoto kurukia majini joto likizidi. Mimi ni mtu wa Lamu, nimekulia mahali ambapo gati ni la serikali na chombo ndicho cha mtu, na huku nakula kwa kuosha na kupaka mafuta magati ya watu. Bosi wangu ni Mkenya mwenzangu kutoka upande wa Homa Bay. Ananiita "Mswahili" mchana kutwa, na anaamini kila mtu wa pwani alizaliwa na tezo mkononi.

Gati la huku mara nyingi halikai majini mwaka mzima. Ziwa likiganda, barafu hupanuka na kusukuma, na ikianza kukatika, upepo ukaipeleka ufukoni, hukunja vyuma na kung'oa nguzo. Ndiyo maana mengi yana fremu za alumini na vipande vya mbao vinavyobebeka. Kabla ya baridi kali huvutwa nchi kavu, na barafu ikishayeyuka, mwezi wa nne au wa tano, hurudishwa. Hapo katikati mbao ziko juu ya nyasi, na hapo ndipo pa kuziosha, dawa isije ikaingia ziwani.

Kwetu ratiba ni ya mwezi. Mashua hungojea bamvua; maji yakijaa hasa hupandishwa mchangani, yakikupwa hutegemezwa kwa magadi, na fundi anajua kwamba haitaelea tena mpaka bamvua ijayo. Kwa hiyo huku na kule mbao hupata siku zake za kukauka, na asiyezitumia siku hizo ameumia.

Mteja mmoja alitupigia akilalamika kwamba gati lake limeoza. Wenzake wengi hutumia mwerezi au plastiki. Yeye aliweka ipe, mti wa Amerika ya Kusini ulio mzito hata kipande chake kikitumbukia ziwani huzama. Bosi akachukua bisibisi akaidunga mbao karibu na skrubu, mahali maji hupenda kutuama. Ncha haikuingia hata kidogo. Halikuoza, lilikuwa limepauka. Miale ya jua huvunjavunja lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti, kisha mvua huikosha, zikabaki nyuzi tupu za kijivu na madoa meusi ya kuvu. Tabaka hilo ni jembamba, halifiki milimita moja. Chini yake mti ni mzima.

Namshangaa mtu anayetaka kung'oa mbao za namna hiyo aweke mpya. Kwenye mkutano wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uliofanyika Panama mwaka 2022, ipe iliingizwa katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inahitaji kibali, na katika mkutano huohuo ikaingizwa mbambakofi yetu ya Afrika, ile ya milango na mikuku ya vyombo. Mti wa kuombewa ruhusa hautupwi kwa sababu ya rangi.

Kuosha kwenyewe kuna adabu yake. Wengi hukimbilia mashine ya presha, ile ya kuoshea magari, wakaikaribisha mpaka maji yakachimba mifereji kwenye mbao. Wengine humwaga dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Mbao huwa nyeupe kweli, lakini klorini nayo inakula ileile lignini, na uso ukikauka unatoa manyoya. Sisi hutumia poda ya sodiamu perikaboneti, ambayo ikikutana na maji hutoa oksijeni na kuacha magadi ya soda. Unaipaka, unaiacha kama robo saa bila kuiruhusu ikauke, kisha unasugua kwa brashi ya nailoni kufuata nyuzi. Brashi ya waya hapana: vipande vyake vya chuma vikibaki kwenye mti wenye tanini vitaandika madoa meusi ambayo mteja atayaona kabla hujafunga gari. Povu hutoka la kahawia, zito, na mbao ikisuuzwa inakuwa nyeusi kuliko ulivyoikuta. Anayeiona mara ya kwanza hudhani imeharibika.

Hapo ndipo inapokuja asidi ya oksaliki. Unavaa glovu na miwani, kwa kuwa ni sumu, unaimwagia mbao ingali mbichi, na unasimama kutazama. Ule weusi unarudi nyuma kama kivuli, ukiacha wekundu wa kahawia ambao mwenye gati alikuwa ameusahau. Kazi ya asidi ni kuuzima ukali wa ile poda na kufuta madoa ya chuma. Ni dakika chache tu, na kwa maoni yangu ndizo dakika ambazo wateja wanazilipia.

Baada ya hapo ni kungoja kukauke, siku mbili au zaidi, jambo ambalo bosi hulipigania kila mara kwa sababu mteja ana wageni Jumamosi. Halafu mafuta yenye rangi. Lazima yawe na rangi ndani yake, maana mafuta meupe matupu huzuia maji lakini hayazuii jua, na kijivu kitarudi upesi. Ipe imeshikana mno, hainywi sana. Unapaka mkono mmoja mwembamba, unangoja kidogo, unafuta yote yaliyobaki juu. Yasipofutwa yatanata miguuni mpaka msimu uishe. Ncha zilizokatwa hupakwa nta, kwani huko ndiko mti unakonywea maji. Na yale matambara ya kufutia hayatupwi kwenye pipa. Mafuta ya namna hii, kama ya kitani, yakikauka hutoa joto, na matambara yaliyorundikwa yanaweza kuwaka yenyewe usiku bila kiberiti. Sisi huyatia kwenye debe la maji lenye kifuniko.

Sasa nikumbushe tunavyofanya kwetu. Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo kisiwani Lamu, mashua ikishakaa juu ya magadi hukwanguliwa majani na magamba, kisha hupitishiwa moto wa makuti ubavuni, chini ya mstari wa maji, ili kuua wadudu watoboao mbao. Fundi anatembeza mwenge polepole, mkono mwingine ukipapasa ubao kuona umepata joto kiasi gani. Nyufa hupigwa kalafati kwa pamba iliyolowa mafuta. Halafu deheni, shahamu ya mnyama iliyopondwa na chokaa, hupakwa kwa viganja tangu mkukuni mpaka usawa wa maji, na juu yake hadi ukingoni hupakwa sifa, mafuta ya ini la papa. Harufu yake haielezeki kwa mtu wa Minnesota. Papa wamepungua, na wapo wanaopaka oili chafu ya injini badala yake. Hiyo siitetei, samaki tunaowala wanaishi kwenye maji hayohayo.

Ukitazama, adui ni tofauti. Ziwani hakuna wadudu wa kutoboa, maji yao ni matamu, lakini maji matamu ndiyo yanayolea kuvu la kuozesha. Baharini chumvi hulifukuza hilo kuvu ila wadudu wanakula chombo kwa chini. Hata hivyo mafundi wa pande zote mbili wamefika mahali pamoja: kwenye mbao ngumu iliyo juu ya usawa wa maji hawapaki ngozi inayokaa juu, ambayo ikipasuka huficha maji ndani. Wanalisha mti, na mti ukimaliza wanaulisha tena. Tofauti ni kwamba huku hungoja miaka mpaka mbao ipauke kabisa, ndipo wapigane nayo kwa dawa mbili na vijana watatu. Kwetu sifa hupakwa kila chombo kikipanda, kidogo kidogo, na hakuna anayeiita kazi maalumu. Kwa hilo nawapa ushindi watu wa Matondoni.

Lakini ushindi huo ni wa chombo peke yake. Nahodha asiyeruka deheni hata mara moja ndiye huyohuyo anayeshuka kwenye gati la mbao zilizolegea, anavuka pengo la ubao uliokatika akiwa amebeba gunia, na kesho analivuka tena. Nimeyaona magati ya namna hiyo pwani, msumari umeota kutu, mbao imebaki kuning'inia upande mmoja, na chini yake vijana wanajua kupiga kalafati kuliko mtu yeyote niliyekutana naye Marekani. Wakiulizwa watasema ni mali ya serikali, na serikali ikiulizwa itasema bajeti. Huku gati linang'aa kwa sababu mwenyewe analitazama dirishani akinywa kahawa. Wala simsifu; ni gati la watu wanne. Letu linabeba mji, na ningekuwa na sauti ningependekeza lipewe chama cha wavuvi na posho ya mafuta, lipakwe siku zilezile vyombo vinapopandishwa.

Binamu yangu wa Shela ameajiriwa kusimamia gati dogo la mbao la nyumba moja ya wageni. Alinitumia picha kwenye WhatsApp, "Binamu, nitumie kopo la hiyo rangi ya Marekani." Nikamjibu kwamba mafuta yawakayo hayapandi ndege, na kwamba hayahitaji: asuuze kwa maji ya bahari badala ya ya bomba, ahakikishe kuna nafasi kati ya mbao ili maji yapite, atoe misumari ya chuma aweke skrubu zisizoshika kutu, na kama wageni hawaiwezi harufu ya sifa, atafute mafuta ya kitani yenye rangi mjini Mombasa. Akanyamaza siku nzima. Kisha akaniandikia kwamba ameongea na mwenye nyumba, Mzungu, na mwenye nyumba amekataa lisipakwe chochote. Anataka libaki la kijivu. Ndivyo linavyopendeza, alisema, kwenye picha.

Nikamwambia basi amepata kazi nyepesi: asugue utelezi, akaze skrubu, apake nta kwenye ncha, na mshahara uendelee kuingia.