Barua kutoka Kitale, msimu wa kupanda

Dada mpendwa,

Nimefika salama Trans Nzoia, ila baridi ya huku si mchezo. Basi lilipoiacha Moi's Bridge, Mlima Elgon ulijitokeza kushoto na vilima vya Cherangany kulia, na katikati ni mashamba matupu yaliyokwisha kulimwa, yanangoja mahindi. Hata Kenya Seed, wenye mbegu zinazopandwa nchi nzima, makao yao makuu yako hapa Kitale.

Uliniuliza habari ya mbolea ya serikali. Dada, mwezi huu huku hakuna mazungumzo mengine! Unakumbuka mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei, gunia la kilo 50 likafika shilingi 6,500? Septemba ile serikali ililiteremsha hadi 3,500, na mwaka 2023 likawa 2,500. Mkulima hapewi pesa mkononi. Hujiandikisha kupitia kwa chifu, hutaja ekari zake, kisha meseji humjia kwenye simu ikimwambia anastahili magunia mangapi. Hulipa sehemu yake akachukua mbolea depo, na tofauti huibeba serikali.

Bei hiyo ni nzuri, na kila niliyezungumza naye ameisifu. Taabu iko njiani. Mama mmoja mwenye ekari mbili alikuja mjini kwa matatu, akapanga foleni tangu alfajiri, jioni akaambiwa arudi kesho, shehena haijafika. Hebu piga hesabu: nauli mara mbili, kibarua aliyemwacha shambani anataka ujira wake, na bodaboda ya kubeba magunia mawili mpaka kijijini. Mwenye ekari hamsini hutuma lori mara moja, na gharama ya kila gunia kwake ni ndogo. Kwa hiyo ruzuku ni ileile, lakini anayeihitaji zaidi ndiye anayebaki na kidogo. Hilo limenikera sana, sitakuficha.

Halafu kuna wanaokodi mashamba, nao huku ni wengi. Kijana mmoja amekodi ekari tatu, na meseji ikaenda kwa mwenye shamba, anayeishi Nairobi. Kijana huyo alinunua dukani kwa bei kamili, kwa sababu mvua haimngoji mtu. Mahindi yaliyokosa mbolea ya kupandia hayafidiwi na ile ya kukuzia.

Na hofu ya 2024 haijaisha. Mwaka ule mbolea ghushi iligunduliwa ndani ya mpango huu. Wabunge walipiga kura ya kumwondoa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, ingawa kamati maalumu ilisema baadaye kwamba tuhuma dhidi yake hazikuthibitika. Nimemwona mzee akifungua gunia papo hapo nje ya depo, akisugua punje vidoleni kabla ya kukubali kupakia.

Kwa maoni yangu, mbolea ingefikishwa kwenye wadi kufikia Februari, na anayelima ndiye aandikishwe, awe na hati ya shamba au hana.

Sasa shamba la mama kule Taveta: mpeleke kwa chifu na kitambulisho chake mapema, kabla ya vuli. Laini ya simu mtakayoandikisha iwe yake mwenyewe, na msikodi gari mpaka mhakikishe mbolea imefika depo.