Kimya Chetu Kando ya Kitanda



Wengi wenu mkisikia neno famasia, mnafikiria dirisha dogo ambapo mtu husimama na karatasi mkononi, akapewa dawa na kuelezwa saa za kuimeza. Sisi wawili hatufanyi kazi nyuma ya dirisha hilo. Kwa miaka kadhaa sasa tunapokezana zamu katika idara ya upasuaji na chumba cha wagonjwa mahututi, katika hospitali moja ya mji wa Bukavu. Tunasimama kando ya kitanda pamoja na daktari na wauguzi, na wajibu wetu ni kuipima kila dawa iliyoandikwa kabla haijaingia mwilini mwa mgonjwa.

Kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni kuuliza. Mgonjwa ana uzito gani? Figo zake zinachuja sawasawa? Kidonge hiki chaweza kusagwa na kupitishwa katika mpira wa puani, au kimetengenezwa ili kiyeyuke polepole? Antibiotiki iliyotolewa kabla ya kisu kwa ajili ya kuzuia maambukizi, kwa nini inaendelea hata siku ya tano? Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri isiendelezwe baada ya upasuaji kwa lengo hilo la kinga peke yake. Kwetu swali hilo lina uzito wa pekee, kwa maana ndugu wa mgonjwa ndio wanaonunua dawa, na chupa moja isiyo ya lazima yaweza kuwa chakula cha watoto waliobaki nyumbani.

Basi tunataka kuwasimulia juu ya siku moja ambayo hatukuuliza.

Aliletwa kwetu mama mmoja, mchuuzi wa vitenge katika soko la Kadutu, mwenye umri wa miaka sitini hivi. Tumbo lake lilikuwa limejaa usaha. Daktari mpasuaji alimfanyia kazi usiku kucha, na kulipopambazuka mama alikuwa angali hai. Aliandikiwa antibiotiki tatu, mojawapo jentamisini, dawa ya zamani ambayo imeokoa watu wengi na ambayo bei yake si kubwa. Siku ya nne mkojo wake ulipungua, na kipimo cha kreatinini kilionyesha kwamba figo zimechoka. Ili kuusukuma mkojo, aliongezewa furosemidi kwa njia ya mshipa.

Kila dawa, ikitazamwa peke yake, ilikuwa na sababu yake. Lakini jentamisini hutoka mwilini kwa njia ya figo. Figo zikilegea, dawa hulundikana na kuweza kuharibu sikio la ndani. Na furosemidi ikikutana nayo, hatari hiyo huongezeka. Uharibifu huo mara nyingi haurudi nyuma. Hayo tulifundishwa shuleni, na tuliyakumbuka asubuhi ile tulipoisoma karatasi ya matibabu.

Ilikuwa saa ya kubadilishana zamu, nasi sote wawili tulikuwepo. Daktari hakuwa amelala. Ni mkubwa wetu kwa umri na kwa elimu, na sote tulikuwa tumeona jinsi alivyompigania mama yule. Mmoja wetu aliwaza kwamba anayeingia zamu atasema. Mwingine aliwaza kwamba anayetoka amekwisha kusema. Tukapita kitanda kile, tukaenda kwa mgonjwa mwingine. Tuliita jambo hilo heshima.

Tulisema siku ya sita. Daktari alitusikiliza mpaka mwisho, akachukua kalamu, akaifuta jentamisini na kuweka dawa nyingine mahali pake. Kisha akatuuliza kwa sauti ya chini:

«Mlilijua tangu lini?»

«Tangu juzi, Dokta.»

«Na juzi mimi nilikuwa wapi?»

Hatukuwa na jibu. Alikuwa amesimama mbele yetu, kwa upande wa pili wa kitanda.

Mama alipona tumbo, na figo zake zikarudia kazi yake. Lakini kabla ya kutoka hospitalini alianza kulalamika kwamba kengele zinalia masikioni mwake na kwamba sakafu inayumba. Baadaye kengele zilinyamaza, na karibu sauti zote zikanyamaza pamoja nazo. Hatuwezi kuapa kwamba ni siku zile mbili zilizomnyima kusikia; huenda madhara yalikuwa yamekwisha kuanza. Lakini hatuwezi kuapa pia kwamba sizo, na hilo tunalibeba.

Tulimweleza yeye na binti yake yaliyotokea, daktari akiwa pamoja nasi. Binti alilia. Mama alisoma midomo yetu, akanyamaza kitambo, kisha akauliza atawezaje kupatana bei na wateja.

Tangu hapo tulibadilisha desturi yetu. Anayeona jambo ndiye anayelisema, palepale, hata kama anatoka zamu. Tunaliandika kwenye karatasi ya mgonjwa pamoja na saa, ili lisipotee kati ya watu wawili. Kila asubuhi matokeo ya figo husomwa kwa sauti kabla ya orodha ya dawa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote zipunguze kwa nusu, katika miaka mitano, madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuepukika. Nchi zina mipango yake. Sisi tulianza na vitanda vyetu.

Wala msidhani kwamba swali hupanda tu kutoka kwetu kwenda kwa daktari. Usiku mmoja tulipiga hesabu ya mofini kwa mtoto aliyeungua moto, mwenye kilo 12. Tulipaswa kuandika miligramu 1,2. Mkato haukuonekana, tulikuwa tumeandika kwa haraka, na kalamu ilikuwa inaishiwa wino. Muuguzi kijana, aliyekuwa kwetu kwa mwezi wa kwanza tu, alichukua ampuli ya miligramu 10 akaona haitoshi. Akashtuka: mtoto mdogo namna hii anahitajije zaidi ya ampuli moja? Akaja kutugongea mlango.

«Mnisamehe, wakubwa. Ninaogopa sijasoma vizuri.»

Alikuwa amesoma vizuri. Ni sisi tulioandika vibaya. Mtoto yule alipewa kipimo chake, akalala bila maumivu. Tulimshukuru muuguzi mbele ya wote asubuhi yake, ili wenzake wajue kwamba mlango ule hugongwa. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Tungeongeza kwamba kunyamaza si heshima, hasa pale anayelala kitandani hawezi kujisemea.

Mama wa vitenge hupita kwetu mara kwa mara kupimwa figo. Sokoni sasa binti yake ndiye anayepatana bei. Mama hupima na kukunja. Akifika mlangoni hutusalimu kwanza, «Jambo, wanangu,» nasi hatuna budi kumsogelea karibu na kuitika kwa sauti kubwa, hata wagonjwa wa chumba cha pili wakasikia.